Nyimbo Zangu za Mwaka 2024, na Kaseti Iliyoingia Maji



Kila ifikapo Desemba huandika hapa nyimbo tano zilizonikaa moyoni katika mwaka unaokwisha. Wanaonifuata tangu mwanzo wanaijua ada hii, na wanajua pia kwamba orodha zangu hazina la kushangaza: Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Abu Bakr Salem wa Hadhramaut, na Fairuz wa asubuhi. Binamu yangu mmoja wa Muscat hunitania kwamba orodha yangu ya mwaka ujao anaweza kuiandika yeye, tena usingizini. Safari hii ataamka. Orodha ya mwaka 2024 haina udi hata mmoja wala kanuni. Nyimbo zote tano ni za Kimarekani, za magitaa na banjo, za aina ambayo mjukuu wangu huiita kantri-roki. Nyingine huziita muziki mbadala, nami nilipomuuliza ni mbadala wa nini, alicheka asijibu.

Kabla ya kuzitaja nyimbo hizo, sina budi kueleza nilivyozifikia, maana mzee wa miaka sitini na sita, aliyesoma chuoni kwa bakora na kufundishwa nahau ya Kiarabu kabla ya kujua jedwali la hesabu, hazukiwi tu na hamu ya muziki wa wachunga ng'ombe.

Jumanne ya tarehe 16 Aprili, sawa na 7 Shawwal 1445, hata nguo za Idi hazijarudi kabatini, iliteremka katika Imarati mvua ambayo mfano wake haujaandikwa tangu vipimo vianze mwaka 1949. Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, zilipimwa milimita 254 katika muda usiotimia saa 24. Hapa Dubai ilinyesha kwa siku moja mvua iliyozidi ile ya mwaka mzima. Barabara ya Sheikh Zayed ikawa mto, magari yakaachwa na wenyewe, na uwanja wa ndege ukageuka ziwa. Nyumba yetu ni ya chini. Maji yaliingia baada ya Alasiri, kwanza kwa adabu, chini ya mlango, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Ilipofika Magharibi yalikuwa yamenifika magotini.

Tuliokoa Misahafu, vitabu, pasi za kusafiria na majiko. Friji tuliiachia. Na stoo iliyo chini ya ngazi, wallahi, hatukuikumbuka. Nimeikumbuka mimi saa nne usiku, nikiwa nimekaa kitandani na miguu juu. Ndani ya stoo hiyo, chini kabisa, lilikuwa sanduku la kadibodi lenye kaseti 43.

Vijana wanaosoma hapa huenda wasijue kaseti zilikuwa nini kwetu. Nilipofika Dubai mwaka 1981 kuwa karani wa hati za shehena katika Bandari ya Rashid, tulikuwa vijana sita wa pwani katika chumba kimoja cha Deira, wanne wa Mombasa na wawili wa Unguja. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali, na barua ilichukua wiki. Wengi wa mama zetu, juu ya hayo, hawakuandika. Walijua kusoma Kurani na walihifadhi tenzi ndefu kwa kichwa, lakini kalamu haikuwa yao. Kwa hiyo walitutumia sauti zao. Mtu anayesafiri alipewa kaseti, akaitia mfukoni, na siku ya pili sisi sita tulikuwa tumekaa kuizunguka redio kaseti, tukimsikiliza mama wa mmoja wetu kama kwamba ni mama wa wote. Kuku aliwika nyuma ya maneno yake. Mtu alipita dirishani akapiga hodi, naye akamwitikia, kisha akarudi kwenye salamu zake. Tulicheka, na aliyekuwa na shida ya macho aliyapangusa.

Katika kaseti hizo 43, nyingi zilikuwa za taarabu, zilizonunuliwa Mombasa kwa Mbwana Radio Service. Tisa zilikuwa barua. Na katika tisa hizo, moja tu ilikuwa ya mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1989.

Kaseti ile ilikuwa na kisa chake. Marehemu kaka yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa Jim Reeves. Wasiokuwapo wakati ule hawawezi kujua jinsi Mmarekani huyo wa Texas alivyokuwa mwenyeji wa nyumba za Afrika. Yeye mwenyewe alifika Afrika Kusini akacheza huko filamu ya Kimberley Jim, na mwaka 1964 akafa katika ajali ya ndege. Lakini kwetu Mombasa hakuna aliyempa habari kwamba amekufa. Idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya ilimpiga jioni, na kaka yangu aliiongeza sauti ya redio mpaka majirani wakawa mashabiki kwa lazima. Mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa "gudi moning" tu, alimwita Jimurivu, kama kwamba ni mtu wa Siyu au Faza. Alisema ana sauti ya mtu aliyelelewa.

Siku mama alipotaka kunitumia barua, dukani hakukuwa na kaseti tupu. Alichukua ya kaka yangu. Kaseti iliyouzwa na nyimbo ndani yake huwa haina vile vijino viwili vya plastiki mgongoni, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Dada yangu alivitia karatasi vijitundu hivyo, mama akabonyeza, akasema yake kwa dakika kama ishirini, akazima. Aliponyamaza yeye, palisikika tak! Kisha Jimurivu akaendelea kuimba, kutoka katikati ya ubeti, kama aliyekuwa akingoja mlangoni mpaka mwenye nyumba amalize maneno yake.

Basi kaseti hiyo ndiyo iliyolala majini usiku ule.

Sasa nakiri makosa mawili, maana ukurasa wa ukoo usioandika makosa ni tangazo la biashara. La kwanza: mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, kijana wa miaka kumi na tisa anayesoma uhandisi, aliniomba miaka miwili kabla ya mvua nimpe kaseti zote azihamishie kwenye kompyuta. Nilimwambia kesho. Karani aliyefanya kazi miaka thelathini na saba asichelewe kugonga muhuri hata siku moja, alisema kesho kwa miaka miwili. Kusema kweli nilikuwa sitaki kuisikia ile moja. La pili: asubuhi ya tarehe 17, jua lilipotoka kana kwamba halihusiki na lolote, nilizipandisha kaseti darini na kuzianika kama papa. Mjukuu alipofika jioni, akiwa ametembea sehemu ya njia kwa miguu, aliziona zimepinda. Hakunikemea. Alisema tu, "Babu, ungeziacha na maji yake." Nikajifunza siku hiyo, na umri wangu huu, kwamba utepe uliolowa hauharibiwi na maji safi upesi kama unavyoharibiwa na joto, ukikauka vibaya, tabaka hushikana.

Kuanzia Mei, kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, kijana alikuja na kisanduku cha bisibisi ndogo. Alifungua kaseti moja moja, skrubu tano kila moja. Akauosha utepe kwa maji yasiyo na chumvi, akaukausha kwa hewa baridi ya kiyoyozi, akaupakia katika kaseti nyingine nzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa na kutopumua. Na kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya kimya na ya saa nyingi, aliweka simu yake mezani ikipiga nyimbo zake. Sikumwomba azime. Aliyekuwa akifanya kazi ni yeye, na makosa yalikuwa yangu.

Nyimbo hizi tano ni za meza hiyo. Nazianza za mwisho.

Wa tano ni "A Bar Song (Tipsy)" wa Shaboozey. Jina lenyewe linatosha kumwambia msomaji kwamba ni wimbo wa baa, na mara ya kwanza nilisema astaghfirullah nikataka urukwe. Kijana akaniambia, "Mwimbaji ni Mnaijeria, Babu." Wazazi wake ni Wanaijeria, yeye amekulia Virginia, na wimbo umejengwa juu ya wimbo wa rapu wa mwaka 2004 wa J-Kwon. Umekaa wiki 19 katika nafasi ya kwanza ya orodha ya Billboard kule Marekani, sawa na "Old Town Road" wa Lil Nas X, ambao ndio ulioweka rekodi hiyo mwaka 2019. Ulevi wake simwungi mkono. Lakini nimemweka hapa kwa sababu ya swali alilonizulia. Kijana wa asili ya Afrika anachukua muziki ambao watu wanadhani una wenyewe, anauvaa, na kanzu inamkaa. Je, Juma Bhalo alifanya nini? Alichukua sauti za filamu za Kihindi, akazitilia mashairi ya Kimvita ya Ahmad Nassir, na leo nani atathubutu kutuambia kwamba nyimbo zile si zetu? Mpaka alipofariki mwaka 2014, hakuna Mmombasa aliyemwita mkopaji.

Wa nne ni "Texas Hold 'Em" wa Beyoncé, uliotoka Februari, kutoka albamu ya Cowboy Carter. Msiniulize mengi juu ya mwimbaji; wajukuu wa kike wanamjua zaidi. Mimi nilichosikia ni banjo ya mwanzo, inayopigwa na Rhiannon Giddens. Niliweka taa chini. "Hiyo ni tashkota," nikasema. Kijana akaniambia ni banjo. Nikamweleza tashkota ilivyokuwa katika taarabu ya Mombasa, ala ya Kijapani yenye nyuzi na vibonyezo, jinsi Zuhura Swaleh alivyoimba nayo ikirukaruka nyuma yake kama mvua juu ya bati. Naye akanieleza kwamba banjo haikuzaliwa Marekani kwa wenye farasi. Ilitoka Afrika Magharibi, kibuyu kilichowambwa ngozi, pamoja na watu waliopelekwa kule kwa minyororo. Nilinyamaza. Sisi tuliotoka Shihr na Mukalla tukatia nanga Unguja hatuna haki ya kulipita neno hilo kwa wepesi. Babu zetu walifika katika mji uliokuwa na soko la watu, na sidhani walifumba macho. Nimeandika hapa miaka mingi juu ya mashua zetu na milango yetu ya nakshi. Juu ya hilo nimeandika kidogo mno, na mwaka ujao, nikijaaliwa, nitaandika zaidi.

Wa tatu ni "She's Leaving You" wa MJ Lenderman. Huu ndio kipenzi cha mjukuu wangu, na ndio ulionichukua muda mrefu kuuzoea, maana gitaa la umeme linanguruma kama lori linalokataa kuwaka. Mwimbaji ni kijana wa miaka 25 wa Asheville, North Carolina, na anaimba habari ya mwanamume wa makamo anayeachwa na mkewe kwa makosa yake mwenyewe. Nilimuuliza mjukuu, kijana huyu ameyajuaje haya? Akasema labda aliwasikiliza wakubwa wakizungumza. Jibu hilo lilinipendeza. Albamu yake, Manning Fireworks, ilitoka Septemba 6. Wiki tatu baadaye kimbunga Helene kikapiga milima ya North Carolina, na mto ukaingia katika mitaa ya chini ya Asheville. Jumamosi iliyofuata tuliangalia picha za mji ule: magodoro juu ya uzio, matope mpaka madirishani. Hatukusema neno. Mjukuu alirudi kwenye kaseti yake na mimi nikashika taa.

Wa pili ni "Right Back to It" wa Waxahatchee. Jina hilo gumu ni la kijito cha Alabama, na mwenyewe hasa ni Katie Crutchfield, anayeimba pamoja na yule yule Lenderman. Hapa banjo inatembea polepole, kama mtu anayerudi kutoka sokoni hana haraka. Habari yake ni mapenzi ya muda mrefu, yale yanayolegea yakapotea kidogo, kisha mtu akajikuta amekaa tena pale pale. Mke wangu, aliyekuwa akiingia na kutoka na chai, hakuupenda wimbo mwingine wowote. Huu aliusikiliza amesimama, birika mkononi. Aliuliza wanasema nini. Mjukuu akamtafsiria kwa Kiarabu, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha jikoni: anajua majina ya vyakula na maneno ya kukemewa. Mke wangu akasema, "Watu hawa wameoana?" Tukamwambia hapana. Akasema, "Basi wanaijua kazi yao," akaenda zake. Mwaka huu tumetimiza miaka arobaini ya ndoa. Sitaongeza neno.

Wa kwanza ni "Empty Trainload of Sky" wa Gillian Welch na David Rawlings, ulio mwanzo wa albamu yao ya Woodland, iliyotoka Agosti. Woodland ni jina la studio yao huko Nashville. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2020, kimbunga kiliupiga mji huo na kuling'oa paa la studio. Mvua ikaingia, nao wawili walibeba magitaa na tepu zao za miaka yote gizani, wakiziondoa mahali panapovuja. Waliziokoa. Kijana aliponisimulia hayo, alikuwa ameshika kwa kibano utepe wa kaseti ya kumi na sita, ambao ulikuwa umekatika mara ya tatu. Niliona haya. Wao walikumbuka tepu zao usiku ule ule. Mimi nilikumbuka nikiwa kitandani.

Lakini sikuuweka wa kwanza kwa sababu ya kisa hicho peke yake. Wimbo unasimulia treni ya mizigo ikipita na mabehewa yake matupu, na mtazamaji anaiona mbingu kupitia ndani yake. Kwa karani wa bandari, huo si mfano wa kishairi. Kontena tupu nimeziandikia hati zaidi ya kontena zilizojaa. Zina namba, zina uzito, zinalipiwa, zinasafirishwa kama nyingine, na hati yake inasema kwamba ndani hamna kitu. Kwa miaka thelathini na saba sikupata kufikiri kwamba mtu anaweza kuimba juu ya kitu kitupu kinachosafiri, na asimlilie msikilizaji wala kumtaka alie. Welch anaimba kama mtu anayesoma orodha. Ndivyo mtu wangu anavyopaswa kuimba.

Hizo ndizo tano. Ningeweza kumtaja pia Kris Kristofferson, aliyefariki Septemba 28, mtunzi wa "Me and Bobby McGee", ambaye kaka yangu alimpenda baada ya Jimurivu tu. Lakini bado nina deni la kumaliza habari ya kaseti.

Katika kaseti 43, zilizosikika ni kumi na moja. Za taarabu haikuwa msiba mkubwa. Nyingi zinapatikana leo katika simu za watoto. Barua tisa zilipona tatu. Ya mama tuliiacha mwisho, kwa woga wangu na kwa hekima ya kijana, aliyetaka mkono wake uzoee kwanza. Tuliifungua Jumamosi moja ya Novemba. Ilikuwa imerudishwa mwanzo kabla ya kuhifadhiwa, kwa hiyo mwanzo wa maneno yake ndio uliokuwa tabaka la nje, na tabaka la nje lilikuwa limeshikana kama halua. Salamu zake zote zimekwenda. Dua yake aliyoniombea, ambayo naikumbuka kwamba ilikuwapo ingawa maneno yake siyakumbuki, imekwenda. Utepe wa ndani ulinusurika.

Tumepata dakika mbili na sekunde kumi. Mama anasema bei ya nguru imekuwa haisemeki. Anasema jirani ameezua makuti na kuezeka mabati, na mvua ikinyesha hawezi kulala kwa makelele. Kisha anasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza vitu vya dukani: "Na ukija, usipite ndia ya Bondeni, wanatimba." Baada ya hapo anamuuliza dada yangu kitu kinachozimwa wapi. Tak! Na Jimurivu anaingia, katikati ya "He'll Have to Go", ule wimbo wa mtu anayezungumza na mpenzi wake kwa simu, akimwomba asogeze mdomo karibu.

Mjukuu wangu alirudisha nyuma. Akauliza, "Babu, ndia ni nini?" Hakuwa amemsikia mama wa bibi yake mara hata moja maishani mwake... nisahihishe: mama wa babu yake. Nikamwambia ndia ni njia. Marehemu baba yangu, Mzanzibari, alisema njia, na mama, Mmvita, alisema ndia, na sisi watoto tulipita zote mbili. Kutimba ni kuchimba. Mato ni macho. Mtanga ni mchanga. Akayaandika katika simu yake, moja moja, kwa herufi za Kilatini, akaniuliza kama kuna mengine. Tulikaa mpaka Isha. Wiki iliyofuata alipoingia mlangoni, aliniambia ndia ilikuwa na msongamano. Nimeishi Dubai miaka arobaini na mitatu, na sijapata kulisikia neno hilo likisemwa juu ya barabara ya hapa.

Kwa hiyo, jamaa zangu, nina maombi mawili. La kwanza: mwenye kaseti ndani ya nyumba yake, iwe Muscat, Mombasa, Unguja au London, asiseme kesho. Azitoe chini, aziweke juu, ampe kijana yeyote mwenye subira. Zikilowa, asizianike juani.

La pili ni hili. Mama hakutaja tarehe. Nilikwenda nyumbani mwaka 1984 na mwaka 1987, na sijui kaseti hii ilinitangulia safari ipi. Atakayekumbuka ni mwaka gani ndia ya Bondeni ilitimbwa, au ni lini jirani yetu aliezeka mabati, tafadhali aniandikie. Nataka kuitia kaseti hii mwaka wake, kama hati yoyote inavyostahili.

Wabillahi tawfiki.